Kaka kanitumia MacBook, kazi zangu zote ziko kwenye Windows, nifanyeje?

BARUA

Shikamoo anko,

Naomba usinicheke maana nimeshachekwa vya kutosha hapa nyumbani. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Mwanza, nafanya uhasibu wa kujitegemea, yaani sina bosi, nashika vitabu vya wafanyabiashara wadogo wadogo. Wawili wana maduka ya vipuri, mmoja ana hardware Nyakato, na mwingine ni mzee mmoja wa samaki pale mwaloni Kirumba, risiti zake zinakuja zimelowa na zinanuka dagaa lakini ndo analipa kwa wakati kuliko wote. Kazi zao zote ziko kwenye HP yangu ya siku nyingi, ina Windows 10, Tally (programu yangu ya uhasibu) imo humo, Excel imo humo, kila kitu.

Sasa HP imechoka. Betri haina kazi tena, umeme ukikatika inazima hapo hapo na kama nilikuwa naingiza ankara basi nianze upya, na tena ikawa inanionyesha ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho na mashine yangu haiwezi kupokea Windows 11. Nikamlilia kaka yangu yuko Marekani, naye hakuchelewa, akampa mtu aliyekuwa anakuja likizo aniletee MacBook Air yake aliyokuwa anatumia, ni ile ya M1. Nilifurahi mno, ni nyepesi, haina kelele, betri nachaji asubuhi jioni bado ipo.

Lakini anko nimekwama. Kila kitu ni kinyume. Nabonyeza Ctrl na C, kimya. Delete inafuta ya nyuma tu ya mbele haigusi. Nabonyeza kile kidude chekundu kufunga programu, dirisha linaondoka lakini kidoti kinabaki pale chini. Nikiskroli kurasa zinaenda nisikotaka. F4 ambayo mimi kwenye Excel naitumia kufunga seli mpaka kidole kimeshazoea, huku inaniletea kiboksi cha kutafuta. Eksteno yangu yenye bakapu za miaka yote nimeichomeka (baada ya kununua kile kiadapta maana laptop yenyewe haina hata tundu la fleshi), mafaili nayaona, nayafungua, ila nikitaka kuseivu humo inagoma kabisa. Nimeogopa isije ikawa imekufa. Tally ndo usiseme, faili la kuinstoli halifunguki.

Kingine, bando la wiki liliisha usiku mmoja na sikuangalia hata video. Na kuna picha zinaingia zenyewe, juzi nimeona picha za wifi yangu na watoto wako ufukweni, za wiki hii hii.

Kuna fundi hapa mjini kaniambia nimpe laki na nusu aniwekee Windows humo humo na Office ya bure juu yake. Mume wangu yeye anasema tusijisumbue, tuiuze, tununue laptop ya Windows na chenji ibaki. Nishike lipi?

Mama Wawili, Mwanza

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Wanaokucheka wape wao hiyo laptop siku moja tu wafungue faili kwa Enter tuone kama hawatakuja kwako wanalia. Ugeni wa vitufe unaisha, huo wala usikunyime usingizi. Kwenye barua yako kuna mambo mengine mawili matatu mazito zaidi na umeyataja kama vile yanapita njia, kwa hiyo mi naanza na hayo.

La kwanza ni hizo picha za wifi yako. Hizo zinaingia kwa sababu kaka amekupa mashine ikiwa bado ina akaunti yake ya Apple, hakujitoa. Unaweza kuona ni kitu cha kifamilia tu hakina shida, lakini hebu fikiria upande wa pili, kama picha zake zinakuja kwako basi na vya kwako vinaweza kwenda kwake, maana kuna seti moja ya iCloud (hifadhi ya Apple ya mtandaoni) ikiwa imewashwa inachukua kila ulichoweka Desktop na kwenye Documents inapandisha kwenye akaunti ya mwenye mashine. Vitabu vya yule mzee wa Kirumba viko Marekani saa hizi pengine, na yeye hajui na kaka hajui. Na ndo huko bando lako lilikoenda, lilikuwa linabeba picha zinazoshuka na mafaili yanayopanda usiku kucha. Tena kaka akiwa na ile huduma ya Find My imewashwa anaweza kuifunga hiyo laptop au kuifuta yote akiwa huko huko, hata kwa bahati mbaya tu siku anasafisha orodha ya vifaa vyake vya zamani.

Kwa hiyo leo jioni mpigie. Kabla ya simu, kila ulichotengeneza kwenye hiyo Mac kihamishie kwenye fleshi, afu angalia kwamba kweli kimefika, toa fleshi, chomeka kwenye HP, fungua faili moja moja. Halafu kaka akiwa hewani nenda System Settings, General, kule chini kuna Transfer or Reset, humo kuna Erase All Content and Settings. Itaomba pasiwedi ya akaunti yake, mwambie akutajie au akutumie, na ikikubali itamtoa yeye kabisa na kuiacha laptop kama imetoka dukani. Hii iko kwenye Mac zote za M1 ilimradi mfumo wake ni Monterey au wa baadaye, kama ni wa nyuma ya hapo iapdeti kwanza, na hiyo apdeti kaifanyie sehemu yenye intaneti isiyo ya bando maana ni gigabaiti nyingi. Ikiwaka upya lazima iwe na intaneti, itakuuliza lugha na nchi, hapo fungua akaunti yako mwenyewe kwa imeili yako na namba yako ya simu ya hapa. Usikubali kaka akwambie tumia tu ya kwangu. Ya kwako.

Na hapo inapowaka upya kaa uiangalie. Ikileta ukurasa umeandikwa Remote Management pamoja na jina la kampuni, simama, rudi kwa kaka umuulize hiyo laptop aliinunua mwenyewe au alipewa na mwajiri wake. Sisemi kaka yako kafanya kitu kibaya, watu wengi huko wakiacha kazi wanabaki na laptop wanajua ni zawadi, lakini kama kampuni bado wameiandikisha kwao wana uwezo wa kuifunga wakati wowote na hakuna fundi wa Mwanza wala wa Kariakoo atakayeifungua kihalali. Hili lijue mapema kabla hujahamishia maisha yako humo. Na yeyote anayesoma hapa ambaye anataka kununua MacBook ya mtumba, hii ndo kitu ya kwanza kuangalia kabla ya kuangalia mikwaruzo: muuzaji aifute mbele yako, iwake upya mbele yako, ifike mpaka mwisho bila kuuliza akaunti ya mtu wala kampuni. Akianza visingizio vya intaneti hakuna, rudisha hela yako mfukoni.

Sasa fundi wako wa laki na nusu. Usimpe. Zamani MacBook zilikuwa na prosesa za Intel na kulikuwa na kitu kinaitwa Boot Camp, unagawa diski unaweka Windows upande mmoja, ukiwasha unachagua. Kuanzia hizi za M1 zilizotoka Novemba 2020 Apple wanatumia prosesa zao wenyewe na Boot Camp haipo tena. Kinachowezekana ni kuendesha Windows ndani ya programu kama Parallels, na itakuwa Windows 11 ya prosesa za ARM siyo ile ya kawaida unayoijua, na Microsoft wenyewe waliibariki njia hiyo mwaka 2023. Inafanya kazi, sikatai, ila Air nyingi za M1 zina RAM ya 8GB na haiongezeki maisha yako yote, imeungana na prosesa, sasa hiyo 8 igawanye kwa Mac na kwa Windows kwa wakati mmoja uone kama utaipenda. Parallels yenyewe ni ya kulipia na leseni ya Windows ni ya kulipia. Fundi anayesema laki na nusu na kila kitu ndani anakuwekea vya kuiba.

Na hiyo Office ya bure mi ndo naiogopa kuliko vyote. Zile programu zilizovunjwa leseni kwenye Mac mara nyingi zinakuambia zima ulinzi huu, andika pasiwedi yako hapa, na virusi vinavyoiba pasiwedi kwenye Mac moja ya njia zao kubwa ni hiyo hiyo. Ile habari ya Mac haishiki virusi ni hadithi za mtaani. Wewe unashika hesabu za watu wanne, namba zao za mlipakodi ziko kwako, taarifa za benki ziko kwako, huna ruhusa ya kucheza huo mchezo.

Tally. Hapa ndo ningekuuliza swali ambalo kila anayehama Windows aanze nalo: programu gani ndo inakulisha, na je huko unakoenda ipo? Kwako ni Tally, na Tally ni ya Windows, hawajatengeneza ya Mac, ndo maana lile faili la .exe haliendi popote ulibofye mpaka kesho. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba HP haistaafu. Usiiuze, usimpe mtoto achezee gemu. Tally inabaki humo humo ilipo na leseni yake na data zake, afu kazi nyingine zote zinahamia Mac: Excel, barua, imeili, ritani za TRA maana hizo unawasilisha kwenye brauza tu, WhatsApp na wateja, kuskani, yote. Ukiangalia vizuri utakuta muda unaoutumia kwenye Tally yenyewe ni mchache kuliko ulivyodhani, mwingi unaishia kwenye Excel na kwenye kubembeleza watu walete risiti.

HP yako ihudumie kidogo basi. Inunulie betri mpya, za HP za zamani zinapatikana na nyingi unabadilisha kwa bisibisi, au kama hupati nzuri weka UPS ndogo, ili umeme wa Mwanza ukifanya yake Tally isife katikati ya ankara. Kama bado ina diski ya kuzunguka muombe fundi (mwingine) aweke SSD, ile diski isiyozunguka, utashangaa kasi yake. Kuhusu ule ujumbe, ni kweli, Windows 10 ilifikishwa mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake haipati tena viraka vya usalama vya kawaida. Microsoft wametoa nyongeza kwa watu binafsi mpaka tarehe 13 Oktoba 2026 ukijiandikisha kwenye Windows Update, jiandikishe. Baada ya hapo itoe kwenye intaneti kabisa, iwe mashine ya Tally tu, na usisome imeili humo.

Na kuna ujanja mmoja utaupenda. Huna haja ya kukaa na laptop mbili mezani. Kama HP yako ina Windows 10 Pro (angalia kwenye Settings, System, About), washa Remote Desktop humo, afu kwenye Mac nenda App Store udaunlodi programu ya Microsoft inaitwa Windows App, ni bure, zote mbili ziwe kwenye waifai moja, basi unaifungua skrini ya HP ndani ya Mac. HP iko kabatini imechomekwa chaja, wewe uko sebuleni unaingiza ankara kwenye Tally, na bando haliliki kwa sababu mawasiliano yanazunguka humo humo ndani ya nyumba. Kama ni Windows Home hiyo haikubali kupokea, tumia AnyDesk badala yake.

Eksteno haijafa, shusha pumzi. Imefomatiwa kwa mfumo wa Windows unaoitwa NTFS na Mac inausoma tu, kuandika haiandiki. Cha kufanya, chomeka kwenye HP, hamisha vyote vilivyomo viende kwenye diski ya HP au eksteno nyingine, hakikisha, afu iformati upya kwa exFAT, hiyo inasomeka na kuandikika pande zote mbili, kisha rudisha. Narudia kuhamisha kwanza, kwa sababu kufomati kunafuta kila kitu na watu wanasoma haraka. Na usifanye hiyo kazi saa unayotaka kwenda kumchukua mtoto shule. Mac yenyewe ikiwahi kukuuliza kuhusu hiyo diski kama uifute au Initialize, jibu ni hapana, kila mara. Ila exFAT ina ugonjwa wake, haipendi kuchomolewa ghafla, kwa hiyo bofya kile kialama cha eject kabla hujavuta waya, tabia ambayo kwenye Windows wengi wetu tuliiacha zamani sana. Ukipata hela nunua eksteno nyingine iwe ya bakapu ya Mac tu, kwa Time Machine, usichanganye na hii.

Hapo hapo kwenye mafleshi, kuna kitu kitakutokea stesheneri nakuambia mapema. Mac ikiandika kwenye fleshi inaacha na vifaili vyake vya siri, mafaili yako mengi yanapata mapacha yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Kwako huvioni, ila yule kijana wa stesheneri kwenye Windows yake anaona ankara.pdf na ._ankara.pdf, atabofya la pili kwa sababu ndo liko juu, litagoma, atakuambia "mama faili lako limeharibika". Mwambie fungua lile lisilo na nukta mbele. Na zile fleshi za stesheneri zinazorudi na shortcut kila mahali, kile kirusi ni cha Windows hakitaitikisa Mac, ila faili lake linaweza kukaa humo ukampelekea mteja, kwa hiyo ukiona mashortcut ya ajabu yafute hata kama kwako hayana madhara.

Excel sasa. Ipo ya Mac na ni Excel kweli, kwa Microsoft 365 unalipia kwa mwezi au kwa mwaka, na kwa mtu anayekula kupitia Excel mi naona lipa tu, iweke kwenye bei ya wateja. Usipoweza, LibreOffice ni bure na inafungua xlsx ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kusogea sogea na makro zinaweza kukataa. Kwenye Excel ya Mac makro za kawaida zinaenda, ila kama mtu alikutengenezea faili lenye vibatani vya kubofya vya aina ya ActiveX, hivyo havifanyi kazi, na Power Pivot haipo kabisa. Jaribu mafaili yako yote ya mwisho wa mwezi kabla mwisho wa mwezi haujafika, tena siku ambayo HP bado iko pembeni.

F4 yako haijapotea. Vitufe vya juu vya Mac kazi yao ya kwanza ni mwanga, sauti na vingine kama hicho kiboksi cha kutafuta, ukitaka F4 ya kweli shika Fn afu F4, au bonyeza Command na T, inazungusha zile alama za dola kama ulivyozoea. F2 ya kuhariri seli ni Fn na F2, au Control na U. Kujumlisha kwa haraka, ile Alt na alama ya sawasawa, huku ni Command, Shift na T. Kama unaishi ndani ya Excel kutwa nzima nenda kwenye seti za Keyboard, kuna sehemu ya Function Keys, washa F1, F2 zifanye kazi kama vitufe vya kawaida, basi Fn utaishika pale tu unapotaka kupunguza mwanga. Mi nakushauri ufanye hivyo siku ya kwanza.

Vitufe vingine. Karibu kila ulichofanya kwa Ctrl huku kinafanywa kwa Command, kile kilicho pembeni ya spacebar, na kinabonyezwa kwa dole gumba siyo kidole kidogo. Siku chache za mwanzo utakosea na ukirudi kwenye HP utakosea tena kinyume chake, hiyo ndo adha ya kuwa na mbili na haina dawa. Kufuta ya mbele ni Fn na Delete. Kile chekundu kinafunga dirisha tu, kufunga programu yenyewe ni Command na Q, na kile kidoti kubaki siyo kosa, wala Mac haichoki kwa programu mbili tatu zilizobaki wazi, ziache. Kuruka programu hadi programu ni Command na Tab, lakini kama una mafaili mawili ya Excel hayo ni programu moja kwa hiyo Command na Tab haitakusaidia, tumia Command na kile kitufe kilicho juu ya Tab. Hilo linawasumbua wahasibu kuliko watu wote maana ninyi kila saa mnalinganisha faili na faili.

Enter juu ya faili haifungui, inataka kubadili jina. Nimeona mtu anabadili majina ya mafaili ya mteja mmoja baada ya mwingine akidhani mashine imepata wazimu. Kufungua ni Command na O. Na kukata faili kwa Command na X hakuna, unakopi kawaida kwa Command na C, ukifika unakokwenda badala ya V peke yake unabonyeza Command, Option na V, linahama. Skroli ya kinyume inazimwa kwenye seti za Trackpad, ondoa tiki kwenye Natural scrolling. Kubofya kwa kulia ni vidole viwili kwa pamoja. Ikikwama kabisa, ile Ctrl Alt Delete yako huku ni Command, Option na Esc.

Baada ya hayo malalamiko yote nikupe na raha yake. Chagua faili bila kulifungua, bonyeza spacebar, utaliona lote, PDF, picha, Excel, chochote. Kwa mtu mwenye folda la risiti mia zilizopigwa picha na simu hii peke yake inatosha kuhama, unashuka kwa mshale unaangalia moja moja ipi ni ya mafuta ipi ni ya barafu bila kufungua hata moja. Na mteja akikutumia mkataba wa PDF usaini, usiuprinti tena ukaskani, ufungue kwa Preview, nenda kwenye alama ya saini, saini yako iandike kwenye karatasi nyeupe kwa peni nyeusi uionyeshe kamera, inaichukua na kuitunza, kuanzia siku hiyo unabandika tu.

Bando. Ukishamtoa kaka litatulia sana ila siyo lote. Kwenye seti za Wi-Fi bofya Details za hotspot ya simu yako, washa Low Data Mode. Kwenye Software Update zima kudaunlodi kwenyewe, apdeti zifanye ukiwa sehemu yenye intaneti ya kutosha, ila zifanye, usiziache mwaka mzima. iCloud ya bure ni 5GB tu kwa hiyo usiwashe ile ya Desktop na Documents, itajaa haraka halafu itaanza kukuomba hela kila siku. Simu yako bila shaka ni Android kwa hiyo AirDrop ambayo watu wa iPhone wanajisifia wewe haikuhusu, weka LocalSend kwenye simu na kwenye Mac, ni bure, inarusha mafaili kwa waifai ya ndani bila kula bando.

Chaja ya kaka ni ya pini bapa za Marekani lakini umeme wake inakubali kuanzia volti 100 hadi 240, huhitaji transfoma, kiadapta cha pini tatu kinatosha. Nunua kinachobana vizuri, siyo kile kinacholegea na kutoa cheche. Na badala ya kile kiadapta cha tundu moja tafuta habu ya USB-C yenye matundu ya USB, HDMI na njia ya chaja kupita, maana Air ya M1 ina matundu mawili tu na moja linaliwa na chaja.

Mwisho shemeji yangu hapo nyumbani na wazo lake la kuuza. Hajakosea sana. Kama kazi yako ingekuwa Tally asubuhi mpaka jioni ningesema sawa uzeni, tena bila kujificha, kaka aambiwe ukweli, na lazima aambiwe kwa sababu bila yeye kutoa akaunti yake mnunuzi mwenye akili hataigusa. Lakini kwa kazi ulizoniandikia, na betri inayokaa kutwa umeme ukiwa umekatika, mi ningebaki nayo. Kaa nayo mpaka ufunge mwezi mmoja wote, wateja wote wanne, HP ikiwa kabatini inaendesha Tally. Ukiona hapo bado unaichukia, iuze.